Mpishi Aliyefundishwa Kunyima Maji

Ukitaka kugombana na Ukoko, mnyime mtu chakula mbele yake. Mengine yote anavumilia. Mtukane, atacheka, mkanyage mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi, lakini muache mtu na njaa, hapo utamjua. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyefika na sahani kwenye dirisha lake akaondoka nayo nusu. Waliochelewa aliwawekea ukoko wa sufuria, umenyunyizwa chumvi kidogo na kufungwa kwenye karatasi, na huko ndiko jina lilikotoka. Jina la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe, akikasirika, humwita Ukoko. Akifurahi humwita baba watoto, ingawa watoto wenyewe sasa nao wana watoto.

Alipostaafu, wiki ya kwanza alilala. Ya pili alipanga upya vyombo vyote vya mkewe. Ya tatu mkewe alimwambia, bila kuzunguka mbuyu, kwamba nyumba ile ina jiko moja na jiko lile lina mwenyewe.

"Tafuta kazi ya kufanya, baba watoto, la sivyo nitakutafutia mimi."

"Nimestaafu, mama."

"Umestaafu kule. Hapa hata kuajiriwa hujaajiriwa."

Ndivyo alivyojikuta kwenye kikundi cha miti. Kilikuwa na watu kumi na wanane wa mtaa ule, wengi wao wanawake waliochoka kufuata kuni mbali, na mwenyekiti wao alikuwa fundi baiskeli mwenye sauti ya mnadani. Msitu wa serikali ulikuwa juu kilimani, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, una lango na una walinzi. Aliyewakusanya alikuwa Bibi Misitu, afisa kijana wa misitu, mwembamba, mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake na maneno machache kuliko umri wake.

"Msitu hauwezi kushuka kuja kwenu," aliwaambia siku ya kwanza, amesimama kwenye kibanda cha fundi kati ya magurudumu yaliyoning'inia. "Na ninyi mkipanda wote kwenda kwake, hautabaki. Basi tuoteshe miti huku huku mnakoishi. Kando ya barabara. Nyuma ya zahanati. Kwenye uzio wa shule. Uani kwa kila mtu. Mtu asihitaji ruhusa kukaa kivulini."

Wengine walisikia kuni, wengine walisikia kivuli, mwenyekiti alisikia hotuba nzuri ya kuazima. Ukoko alisikia jambo moja tu: kwamba kutakuwa na miche maelfu, midogo, isiyojiweza, na itahitaji mtu wa kuilisha. Akanyoosha mkono kabla hajaulizwa.

Walimpa kitalu. Kilikuwa nyuma ya nyumba yake, penye bomba, na ndani ya mwezi mmoja pakawa hapatambuliki. Alipanga viriba, vile vifuko vya plastiki vyenye udongo, safu kwa safu kama wanafunzi mstarini, akavitilia mbolea ya ng'ombe aliyoichekecha mara tatu kama unga wa keki, akasimamisha kivuli cha nyasi juu yake. Mbegu zilipochomoza alikimbia nyumba hadi nyumba kutangaza. Watu waliacha shughuli zao kuja kutazama majani mawili mawili yaliyokaa juu ya udongo, na yeye akisimama pembeni mikono nyuma, kifua mbele, mzazi wa mia nane.

Na miche ilinenepa! Haijawahi kuonekana miche ya namna ile. Majani mapana, laini, ya kijani cha kung'aa, vishina vyake vimejaa maji kama vidole vya mtoto mchanga. Aliinywesha asubuhi, aliinywesha jioni, na mchana akiwa hana kazi aliipitia tena. Siku ya kupanda kando ya barabara ya kiwandani, mwenyekiti alitoa ile hotuba ya kuazima, watu wakapiga makofi, na miche mia nane ikaingia ardhini.

Siku ya kumi na mbili hakuna hata mmoja uliokuwa hai.

Mtaa mzima ulikuwa na maelezo. Mbuzi, walisema wengine. Moshi wa kiwanda. Mwenyekiti alisema ni jicho la watu, akataja na jicho lenyewe ni la nani. Ukoko alitembea barabara ile akitazama miche iliyolala chini kama mboga iliyosahauliwa juani, na moyo wake ulimuuma waziwazi, kama mtu aliyefiwa, wala hakuona haya kusema hivyo.

Bibi Misitu alikuja, akang'oa mche mmoja, akaupinda. Ulipindika kama tambi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii miche ulikuwa unaimwagilia mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku. Na ya tatu nikiona ina kiu."

"Unajuaje kwamba ina kiu?"

"Inaniangalia."

Bibi Misitu alifunga mdomo kwa nguvu, na mabega yakamtikisika kidogo. Kisha akaeleza. Kwamba mche uliolelewa kivulini, maji mpaka mdomoni, haujui kutafuta. Mizizi yake ni mivivu, ngozi yake ni nyembamba. Ukiuweka barabarani siku moja tu jua linaumaliza. Kwamba wiki nne kabla ya kupanda, mtu wa kitalu huondoa kivuli kidogo kidogo na kupunguza maji, kila siku mbili, kisha kila siku nne, mpaka majani yaanze kulegea adhuhuri na shina ligeuke rangi, likauke nje, liwe mti kweli.

"Yaani niilaze njaa," alisema Ukoko.

"Uizoeshe, baba."

"Jina lolote utakaloliita, mwanangu. Ni kuilaza njaa."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, hakuweza kunyamaza. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," alisema, akakung'uta shuka. "Mwaka huu umelia wewe."

Safari hii kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya aibu. Halmashauri ya mji ilikubali kukipa kikundi ukingo wote wa barabara ya kiwandani, kilomita tatu, pande zote mbili. Masharti yalikuwa mafupi: wapande miche elfu moja, na baada ya miezi minne afisa ahesabu. Ikiwa hai mia saba, ukingo ule ni wao kwa miaka ishirini, watunze, wapogoe, wavune kuni na nguzo. Isipofika mia saba, ukingo utakuwa maegesho ya malori. Na malori yalikwishaanza kuonja. Mawili matatu yalilala pale kila siku yakidondosha mafuta meusi kwenye udongo, na madereva wakipima nafasi kwa macho.

"Mia saba," mwenyekiti alimwambia Ukoko, mkono begani. "Nakuheshimu, mzee. Ulinipakulia miaka minne pale shuleni, na tumbo hili unalijua. Lakini safari hii ikifa tena, kitalu kinaondoka kwako na barabara inaondoka kwetu."

Ukoko aliotesha miarobaini na mijohoro, elfu moja na mia mbili, kwa tahadhari. Zilipofika zile wiki nne, mambo yakawa mambo. Siku ya kwanza aliondoa nyasi za juu, akaingia ndani, akafunga dirisha asione. Siku ya tatu aliona majani yamelegea, akachukua kopo, "ya kulowesha midomo tu", na mkewe akamkuta ameshafika safu ya sita.

Mwanamke yule hakupoteza maneno. Alifungua kishikio cha bomba kwa koleo, akakitia kwenye mfuko wa gauni, na tangu siku hiyo bomba lile likawa halifunguki pasipo yeye. Maji ya kunywa aliyachota mwenyewe. Maji ya kuoga ya mumewe aliyapima kwenye ndoo na kumsindikiza mpaka mlango wa bafu, kwa kuwa siku moja alisikia mtu anaoga bila kumwagika hata tone, na ndoo ikatoka tupu, huku viriba vimelowa.

"Umeoga?"

"Nimeoga."

"Nyuma ya masikio mbona kuna vumbi?"

Usicheke. Mtu aliyeishi miaka thelathini kwa kushibisha si rahisi ashike njaa ya mwingine mkononi na kuiangalia. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele ya viriba vyake, adhuhuri, jua likichoma, na kuiomba radhi miche kwa sauti ya chini. Jioni majani yaliinuka yenyewe bila kupewa kitu. Hilo lilimshangaza. Wiki ya tatu vishina viliacha kuwa kijani, vikawa kahawia. Wiki ya nne Bibi Misitu alikuja akakata kiriba kimoja, na mizizi ilikuwa imejazana ndani yake, mingi, myembamba, imetafuta kila upande. Alimshika Ukoko mkono akautikisa kama wanaume wanavyotikisana, na siku hiyo mzee hakuweza kula kwa furaha, jambo ambalo mkewe aliliandika kwenye kalenda.

Walipanda mvua ilipoanza. Loh, siku ile! Barabara nzima ilijaa watu, majembe, ndoo, watoto wamepanda mabegani, mafundi wameacha vibanda, wafanyakazi wa kiwandani wamesimama kwenye foleni ya kupokea mche mmoja mmoja. Mwenyekiti alipoteza sauti saa tatu asubuhi, na wengi walilihesabu hilo kama baraka ya pekee. Ukoko alikwenda shimo kwa shimo akikagua, akifoka ovyo, akikumbatia wasiomjua. "Toa kiriba! Toa kiriba kwanza, wewe, utapanda mtoto na soksi?" Jioni miche elfu moja ilikuwa imesimama pande zote mbili, na mvua ikaja tena kuifunika. Alirudi nyumbani amelowa chapachapa akiimba.

Mvua ilinyesha siku kumi na sita, ikakata.

Ikakata kabisa. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Maji ya mji yakawa ya mgawo, bomba linatoka mara moja kwa wiki, na aliyekuwa na ndoo moja alikuwa na la kuchagua kati ya kupika na kufua. Kikundi kilijaribu kubeba maji kwa baiskeli, kikachoka. Mwanzoni miche ilitulia tu. Kisha majani yakaanza kuwa ya manjano. Kisha yakadondoka, kidogo kidogo, mpaka mwezi wa nne barabara ya kiwandani ilikuwa na vijiti elfu moja vimechomekwa ardhini kama mtu aliyetaka kujenga uzio akaghairi. Madereva wa malori walitania kwamba wamepata pa kuanikia soksi.

Ukoko aliacha kupita barabara ile. Alizunguka nyuma ya zahanati. Lakini kipande kimoja hakikukwepeka, nacho ni kile cha mbele ya lango la shule, shule yake, ambako kila mwezi alikwenda kusaini karatasi za pensheni. Vijiti sitini na viwili. Alivijua idadi kwa kuwa alivipanda mwenyewe, hakutaka mtu mwingine avipande. Watoto wa bweni walimwamkia kwa adabu, halafu akisha kupita alisikia kicheko, na pengine kicheko kile kilikuwa cha mambo yao wenyewe, lakini yeye alikivaa chote.

Siku moja kabla ya kuhesabu, asubuhi wanafunzi wakiwa madarasani, alikwenda pale akang'oa.

Alijiambia kwamba ukingo mtupu ni afadhali kuliko ukingo wa maiti. Kwamba Bibi Misitu atakuja na watu wa halmashauri, na shule nzima itakuwa dirishani, na yeye hawezi kusimama mbele ya dirisha lile akiwa mtu aliyewaua kwa njaa watoto elfu. Aling'oa haraka, akitazama pembeni. Vijiti vilikuwa vigumu kutoka. Alidhani ni udongo mkavu. Vingine alivivuta kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na akaviburuta nyumbani fungu zima chini ya kwapa na kuvitupa kando ya jiko.

Kesho yake asubuhi mkewe alipikia vichache. Vilitoa moshi mpaka akatoka nje analia machozi. "Kuni gani hizi umeniletea? Hazishiki hata kwa mafuta!" Ukoko alisema labda ni umande, akavaa koti lake la kustaafia, na wote wawili wakaenda kwenye kuhesabu kama waendao msibani.

Watu hawakuwa wengi. Mwenyekiti alikuwepo, sauti ameiacha nyumbani. Wanawake wa kikundi walikaa kwenye ukingo, khanga zimefunga magoti. Mtu mmoja wa halmashauri alikuja na daftari, na madereva watatu wa malori walikuja na tabasamu. Bibi Misitu alishuka kwenye pikipiki, akatazama vijiti vile vilivyokwenda mbali kwa mstari, na akauliza swali ambalo hakuna aliyelielewa.

"Kuna mtu yeyote ameikwaruza?"

Walitazamana.

Alipiga goti penye kijiti cha kwanza. Akaweka ukucha wa kidole gumba chini kabisa karibu na udongo, akakwangua gome kidogo, sehemu isiyozidi punje ya mchele. Chini ya ule ukavu wa kahawia palikuwa kijani. Kijani kibichi, cha unyevu, kinachong'aa.

"Hai," alisema. "Moja."

Akaenda kwenye cha pili, akakwangua. Kijani. "Mbili." Cha tatu, kijani. Cha nne kahawia mpaka ndani, kikavunjika, akakiacha. Cha tano kijani, cha sita kijani, cha saba kijani.

"Imelala tu," Bibi Misitu alisema, na sasa naye alishindwa kuificha furaha yake. "Imeona maji hakuna, imetupa majani ili isipoteze hata tone, imeshuka kwenye mizizi inangoja mvua. Mche wa maji mengi haujui kufanya hivi. Huu ulifundishwa."

Aisee! Wale wanawake waliruka kutoka kwenye ukingo kama waliochomwa. Sauti ya mwenyekiti ilirudi yote kwa mpigo: "THEMANINI NA MOJA! THEMANINI NA MBILI!" Watu walianza kutoka majumbani. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, na mteja wake akatoka nyuma yake kichwa nusu kimenyolewa. Walinzi wa kiwanda walikuja, wauza maji walikuja, mama mmoja alikuja na mwiko bado una mvuke. Kila kijiti kilikuwa na watu kumi wamekiinamia, na kila kijani kilipotokea ulipanda ukelele, na kila kilichokufa watu walisema "pole" kama wanaomwambia mtu. Mia moja na tisini. Mia mbili na arubaini. Upande wa kwanza uliisha kwa mia tatu na themanini na saba, na watu walikuwa wanakumbatiana.

Mkewe Ukoko alikuwa anapiga vigelegele mpaka kilemba kimelegea. Aligeuka kumtafuta mumewe amkumbatie. Alimkuta amesimama nyuma ya wote, rangi imemtoka, midomo inakwenda bila sauti.

"Una nini? Imepona! Miche yako imepona!"

"Ule moshi," alisema Ukoko. "Asubuhi. Ule moshi, mama."

Mkewe alimtazama. Mtu uliyeishi naye miaka arubaini hahitaji kukumalizia sentensi. Alielewa kuni zimetoka wapi, na ni kwa nini hazikuwaka.

"Ngapi?"

"Sitini na mbili."

Upande wa pili ulianza, na sasa Ukoko alikuwa mbele kabisa, karibu amkanyage Bibi Misitu. Kila namba aliipima. Mia nne. Mia nne na hamsini. Kichwani mwake hesabu mbili zilikuwa zinakimbizana, ile iliyotangazwa na ile iliyo kando ya jiko. Upande huu ulikuwa mkali zaidi, jua la mchana lilikuwa limeupiga, na vilivyokufa vilizidi. Mia tano na thelathini, na nusu ya upande imekwisha. Mtu wa halmashauri alipiga mahesabu pembeni ya daftari lake na kukunja uso. Madereva walisogea karibu.

Wakafika lango la shule. Ilikuwa saa ya mapumziko, na watoto wa bweni walikuwa wamejaa kwenye uzio, wamepandana, wanataka kuona. Mbele yao palikuwa na mashimo matupu, mstari mrefu, udongo wake bado mpya.

Bibi Misitu alisimama. "Hapa je? Mbuzi?"

Sasa, ingekuwa rahisi kiasi gani! Mbuzi hawana mdomo wa kujitetea. Mwenyekiti alikwisha fungua kinywa kusema ndiyo, tena mbuzi wa nani. Ukoko alitazama uzio. Nyuso zile zote zilizokuwa zikisubiri, na nyuma yao dirisha la jiko lililomjua miaka thelathini na mmoja.

"Mimi," alisema.

"Wewe umefanya nini, baba?"

"Niling'oa mimi. Jana. Sitini na miwili, kwa mikono hii. Nilidhani imekufa, nikaona aibu, watoto wasinicheke." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uzioni. "Ilikuwa imeshika. Nilihisi imeshika, na nikavuta."

Hata madereva waliinamisha macho. Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Unaweza kumlaumu mbuzi. Utamlaumuje mtu aliyejilaza njaa ya moyo wiki nne kwa ajili ya vijiti vile? Lakini hesabu ni hesabu, na kila mtu aliifanya kimoyomoyo na kuona ilivyobana.

Bibi Misitu aliandika sifuri mbele ya lango. Hakupunguza wala kuongeza, na hilo Ukoko aliliheshimu. "Tuendelee," alisema. "Mbele bado ipo."

Waliendelea, na sasa hapakuwa na kelele. Watu walitembea kwa vidole vya miguu kama wenye mgonjwa ndani. Mia tano na sabini na tatu. Mia sita. Vitano vilivyokufa kwa mfuatano, na mwanamke mmoja akafunika uso kwa khanga. Mia sita na thelathini. Walinzi wa shule walifungua lango, na watoto wakafuata nyuma, wamenyamaza, jambo ambalo mwalimu wao hajawahi kulipata kwa fimbo wala kwa pipi. Mia sita na sabini na nne, na mwisho wa barabara ulikuwa unaonekana, ile nguzo ya saruji yenye rangi nyeupe. Mia sita na tisini. Mia sita na tisini na sita. Mbele ya nguzo vilibaki vijiti kumi.

Kilichofuata kilikuwa kahawia. Na kingine kahawia. Kilichofuata kijani, mia sita na tisini na saba. Kahawia. Kijani, na tisini na nane. Kijani, na tisini na tisa.

Bibi Misitu alifika kwenye kijiti kilichofuata, akaweka ukucha, kisha akauondoa. Akainuka.

"Huu kwaruza wewe, baba."

"Usinifanyie hivyo, mwanangu."

"Kwaruza."

Ukoko alipiga magoti yote mawili. Mikono ile iliyobeba masufuria ya lita mia ilikataa kushuka, mpaka mkewe akamshika kifundo. Alikwangua. Kavu. Akakwangua chini zaidi, karibu na udongo, kwa hofu, polepole kama mtu anayekagua kama ukoko umeungua.

Kijani.

"Mia saba," alisema, na hakuna aliyesikia. Ndipo akasimama akanguruma kwa sauti aliyokuwa akiwaitia watoto chakula, sauti ambayo shule nzima iliifahamu: "MIA SABA!"

Basi hapo jaza mwenyewe. Malori yalipiga honi, tena yale yale yaliyotaka maegesho, kwa kuwa dereva naye ni binadamu na furaha haina zamu. Watoto wa bweni walivunja mstari. Mwenyekiti alimbeba mtu wa halmashauri pamoja na daftari lake. Bibi Misitu aliketi chini palepale kwenye vumbi, viatu vyake vikubwa mbele yake, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akainuka akamalizia vitatu vilivyobaki, viwili hai na kimoja kimekufa, na kuandika: mia saba na mbili. Akapita tena kwenye kimoja alichokitilia shaka, akakwangua upande wa pili. Mia saba na tatu.

Walimtafuta Ukoko wambebe, hawakumwona. Alikuwa ameshashika njia ya kurudi upande wa shule, mkewe pembeni yake, na mbele ya mashimo matupu alikuwa amesimama analia waziwazi, kama mtu mzima asiye na deni la aibu kwa yeyote.

"Sasa unalia nini?" mkewe aliuliza, ingawa alijua.

"Sitini na miwili."

"Mia saba na mitatu," alisema mkewe.

"Ilikuwa hai, mama. Sitini na miwili."

"Nimesikia. Mia saba na mitatu."

Alimshika mkono, na wakaanza kutembea kuelekea nyumbani katikati ya barabara yao, huku na huku vijiti, nyuma yao honi na vigelegele. Kila hatua chache yeye alitaja namba yake, na mkewe akamjibu kwa yake, bila hasira na bila kuchoka. Walipofika mlangoni hakuna aliyekuwa amekubali hesabu ya mwenzake.